Nani Atakuogesha, Shija?

Nimestaafu mwezi uliopita tu, na tayari nimechoka kupumzika. Wauguzi vijana wa wodi yangu walipokuja kuniaga na jogoo na saa ya ukutani, mmoja wao akaniambia, "Sista Leokadia, tuandikie basi, mliwezaje kazi wakati ule bila vifaa?" Nikamjibu kwamba vifaa vilikuwepo, tena vizito. Alicheka, akaenda zake, lakini swali lake likabaki na mimi hapa kibarazani. Basi naandika. Vyeo vyangu sitavitaja, na mishahara ndiyo kabisa, maana nikiitaja nyinyi mtacheka na mimi nitalia. Hospitali nayo sitaitaja jina. Ilikuwa ya misheni, upande wa Kahama, na aliyewahi kulazwa pale miaka ya tisini ataikumbuka kwa harufu ya sabuni ya mche na maharage.

Nilitokea kwetu Ushirombo nikiwa na sanduku la bati na cheti changu cha uuguzi kimefungwa kwenye kanga. Mimi ni Msumbwa, na Kisukuma changu kiliwachekesha wagonjwa mpaka wengine wakashika mishono yao. Siku ya kwanza nilitegemea kukabidhiwa wagonjwa. Nilikabidhiwa glovu. Wakati ule glovu haikutupwa. Iliogeshwa, ikajazwa maji kutazamwa kama inavuja, ikaanikwa kwenye kamba nyuma ya jengo la upasuaji, kisha ikapakwa poda na kutafutiwa mwenzake. Wiki nzima nilikuwa napatanisha mikono ya mpira. Mzee mmoja aliyeletwa kufanyiwa ngiri alipita pale nyuma akaona zile glovu zinampungia kwa upepo, mikono mitupu imening'inia mstari mzima, akageuka na ngiri yake akaelekea barabarani. Tulimkuta kituo cha basi. Ilibidi Daktari Malongo mwenyewe aende kumbembeleza na kumwonyesha glovu moja ikiwa na mkono wa mtu ndani.

Daktari Malongo ndiye aliyekuwa mganga mkuu wetu. Alikuwa mwembamba, mpole, hodari wa kusikiliza kuliko kusema, na alikuwa na tabia ya kuvua miwani kila anapotaka kukataa jambo. Ukimwona anafuta miwani, ujue jibu ni hapana. Vifaa vyake vya upasuaji tulivipika kwa mvuke kwenye sufuria kubwa yenye mfuniko wa komeo, juu ya mkaa. Mpishi wa hospitali aliitamani sana ile sufuria kwa ajili ya maharage, na kila Krismasi aliomba aazimwe. Kila Krismasi alinyimwa.

Lakini aliyenifundisha kazi ni Matroni Yustina. Mama mfupi, mnene, anatembea kimya kama paka, unashtukia yuko nyuma yako anakuuliza kwa nini lile shuka limekunjwa upande. Sheria zake zilikuwa nyingi na nyingine sijui alizitoa wapi. Moja ndiyo nimeishika hadi siku ya mwisho. Alisema, "Kabla mgonjwa hajaenda kukatwa, mwulize mwenyewe, ajibu kwa mdomo wake: ukitoka kule, nani atakuogesha?"

Nyinyi mnaosoma leo mtashangaa. Ila hesabuni wenyewe: wodi nzima ilikuwa na wauguzi wawili, na wakati mwingine mmoja wao alikuwa anaumwa. Kumwogesha mgonjwa, kumgeuza, kumlisha, ilikuwa kazi ya ndugu waliolala chini ya kitanda chake na kupika uji kwenye banda la nje. Matroni alinieleza kwamba siku za nyuma ndugu ndio waliochagua, wakamletea baba mkwe wa watu mke wa mwanawe kuja kumwogesha. Kwa Wasukuma mkwe na mkwe hawapeani hata mkono. Mzee alikaa na damu yake ikakauka mwilini, hataki kuguswa, hataki kusema kwa nini, mpaka kidonda kikaoza. "Tangu hapo," Matroni akasema, "simwulizi mtu mwingine. Mwenye mwili ndiye anayejua mkono gani umguse."

Nikawauliza swali hilo mamia ya watu. Dhahabu ilipowavuta watu Geita na huku kwetu, wachimbaji wakaanza kuletwa juu ya malori ya mchanga, mmoja mguu, mmoja mbavu. Kuna kijana alikuja mkono umepondwa na mwamba, amekunja ngumi ya ule mkono mzima, hataki kuifungua hata kwa Daktari Malongo. Nikamwuliza nani atamwogesha. Akasema, "Wenzangu wa duarani." Duara ni shimo lao la kuchimbia. Nikadhani atakuja mmoja. Walikuja duara zima, na vumbi lao, wakamwogesha wote kwa pamoja huku wakigombania kopo. Baadaye nikagundua hawakumpenda kiasi hicho. Kila mmoja alitaka kuwa karibu ile ngumi itakapofunguka.

Sasa niwaambie habari ya Shija. Mwenyewe amenipa ruhusa. Nilipomwuliza kama nibadilishe jina alicheka, akasema kanda nzima hii imejaa akina Shija, nani atamjua. Ni kweli. Kwa Wasukuma, mtoto anayezaliwa baada ya mapacha ni Shija, awe wa kike, awe wa kiume.

Ilikuwa katikati ya miaka ile ya tisini. Mara mbili kwa mwaka tulikuwa tunatembelewa na daktari bingwa wa upasuaji aliyekuja kwa ndege ndogo. Siku ya kutua kwake wachungaji walifukuza mbuzi uwanjani, na mbuzi wetu walikuwa na kichwa kigumu, kwa hiyo rubani alizunguka juu mpaka tukamwonea huruma. Bingwa alikuwa mzee mcheshi mwenye mikono mikubwa. Kiswahili chake kilikuwa cha amri tu: lala, geuka, kohoa. Akikaa kwetu siku chache, watu wa ngiri walijaa mpaka barazani.

Mama Kulwa alimleta Shija katika msafara huo wa ngiri. Walitoka vijiji vya Bukombe. Mama huyu alikuwa na mapacha wa kiume, Kulwa na Doto, kisha Shija, kisha wavulana wengine. Shija alikuwa binti yake wa pekee, na alivyomtaja ungejua. "Binti yangu" huku, "binti yangu" kule. Shija mwenyewe alikuwa na umri wa miaka kumi na minne hivi, mrefu, amevaa gauni la maua na kitenge kiunoni, hasemi sana. Alikuwa na vivimbe viwili kwenye kinena, kulia na kushoto, na vilikuwa vinamuuma akibeba ndoo.

Daktari Malongo alimpima polepole na kwa heshima, mimi nikiwa nimesimama mlangoni asiingie mtu. Akamwambia Shija avae. Kisha akamwita mama ofisini bila mtoto, mimi nikiwepo, akavua miwani.

"Mama Kulwa, hii siyo ngiri. Vile vivimbe ni korodani. Mtoto wako alipozaliwa maumbile yake yalikuwa hayajajieleza vizuri. Inatokea, wala hakuna aliyekosea. Mkunga aliona binti, mkalea binti. Sasa amekua, na mwili umeanza kujieleza wenyewe. Ndiyo maana hata sauti inakwaruza."

Nilitegemea kilio. Mama Kulwa alitazama mikono yake tu. Akasema, "Yatoeni hayo, daktari. Abaki vile alivyo. Na yeye mwambieni ni ngiri."

Msimlaumu haraka. Na bingwa naye, alipoelezwa, hakuona ubaya. Ndivyo walivyofundishwa wakati ule: wazazi wameleta binti, warudishiwe binti, na mtoto asisumbuliwe kwa kuambiwa mengi. Tena alisema kitu cha kweli, kwamba korodani zikiachwa zimejificha pale zinaweza kuleta ugonjwa mbaya ukubwani. Daktari Malongo akajibu kwamba zikishatolewa hazirudi, na kwamba mtoto atahitaji vidonge maisha yake yote, vidonge ambavyo stoo yetu haijawahi kuviona. Wakabishana kistaarabu juu ya chai. Mwisho wakakubaliana kumweka Shija wa mwisho kwenye foleni, nadhani kila mmoja akitumaini mwenzake atabadili mawazo. Hakuna aliyebadili. Baba wa mtoto alikuwa Geita kwenye dhahabu, na ujumbe tuliompelekea kwa dereva wa lori ulikuwa bado haujaleta mtu.

Siku ikafika. Nikaambiwa nimwandae Shija. Niseme wazi, moyo wangu ulikuwa mzito. Nilikuwa nimeshaandaa watu wa kukatwa miguu bila kutetemeka, lakini wale walijua wanaenda kukatwa nini.

Wodi ya wanawake asubuhi ile ilikuwa na kelele zake za kawaida, mabakuli ya uji na watoto wachanga. Mama Kulwa alikuwa ameshatandika mkeka chini ya kitanda, na beseni jipya liko pembeni na sabuni ndani yake. Nikamvalisha Shija joho la upasuaji, nikamwuliza kama nilivyowauliza wote.

"Shija, ukitoka kule hutajiweza siku chache. Nani atakuogesha?"

"Mimi hapa," mama akasema.

"Samahani mama, ni lazima aseme mwenyewe. Ndiyo sheria ya Matroni."

Shija alilitazama lile beseni. Akasema, "Doto."

Wodi ikaangua kicheko. Bibi mmoja wa kitanda cha jirani, aliyevunjika nyonga, alicheka mpaka akaomba asaidiwe kukaa. "Doto si kaka yako, ng'wana wane, mwanangu? Kaka mtu aingie humu na beseni? Tutakimbilia wapi sisi?"

"Njaa hiyo," Mama Kulwa akasema haraka. "Hajala tangu jana. Hajui anachosema."

Sikuwa na ujasiri wowote wa pekee, jamani. Nilikuwa na sheria tu. Nikarudia swali.

"Doto," Shija akasema tena, na safari hii sauti ikamshuka chini katikati ya neno, ikawa nzito. "Siwezi kuogeshwa na mama, sista. Nimeshakuwa mkubwa."

Hapo kicheko kikakatika. Kwetu huku binti huogeshwa na mama yake hata akiwa na watoto wake mwenyewe. Ni mtoto wa kiume ndiye anayefika siku akaukataa mkono wa mama. Akishahamia nyumba ya vijana, ukimkaribia na maji anaruka. Wanawake wote wa wodi ile walikuwa wamelea wavulana, na hakuna aliyehitaji kutafsiriwa. Yule bibi wa nyonga akajifunika shuka mpaka kidevuni, akasema kwa Kisukuma, polepole, "Haya basi. Mwiteni Doto."

Nikaenda chumba cha upasuaji karibu nikikimbia. Bingwa alikuwa ameshanawa, amesimama na mikono juu inachuruzika maji. Nikamwambia Daktari Malongo, "Amesema anataka aogeshwe na kaka yake." Daktari Malongo akavua miwani akaanza kuifuta. Bingwa hakuelewa, akauliza kuna nini, na ni Matroni Yustina aliyemweleza, kwa maneno machache na vidole vingi. Yule mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akashusha mikono yake, na kwa daktari wa upasuaji aliyekwisha kunawa kushusha mikono ni jambo zito. "Haya," akasema. "Leteni anayefuata." Hakukuwa na anayefuata, Shija alikuwa wa mwisho. Tukanywa chai.

Baada ya chai Daktari Malongo alituchukua nyuma ya chumba cha dobi, kwenye benchi, Shija na mama yake na mimi. Akamweleza Shija kila kitu, bila kuficha na bila kutisha. Akachora juu ya bahasha ya picha ya eksirei: hapa ziko, hapa ndipo mahali pake. Akamwambia tunaweza kuzitoa, ubaki kama mlivyozoea, na hasara zake ni hizi. Tunaweza kuzishusha mahali pake, mwili uendelee na njia uliyoishika, na tabu zake ni hizi. Au tunaweza kusubiri kwanza, uje mara kwa mara nikuangalie. Shija alisikiliza kama mtu anayeelekezwa njia ya kwenda kwao.

"Sauti itakwaruza mpaka lini?" lilikuwa swali lake la kwanza.

"Mwaka. Labda miwili."

"Na nikisubiri, zitaoza?"

"Hazitaoza mwezi huu wala mwaka huu. Usipotee tu."

 Mama Kulwa sasa akauliza, bila kumtazama, "Tangu lini, Shija?"

"Tangu nikiwa mdogo, mama. Tangu akina Doto wanaanza kwenda machungani na mimi naachwa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unafurahi sana kuwa na binti."

Mama Kulwa akavuta kitenge akafunika uso. Alilia palepale, na mimi nikalia, na Daktari Malongo akageukia mashuka yaliyoanikwa akawa anayakagua moja moja. Shija peke yake hakulia. Alionekana kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Mama alipofunua uso, alisema jambo moja tu: "Nitawaambia nini watu?"

Tukapata tatizo lingine la kiutawala, nalo lilikuwa kubwa kwelikweli kwa Matroni: Shija alale wapi. Wodi ya wanawake alikuwa ameshajitoa kwa mdomo wake. Wodi ya wanaume ilikuwa imejaa wachimbaji wenye midomo michafu. Wodi ya watoto vitanda vyake vingemfikia magotini. Matroni alitembea huku na huku, kisha akafungua stoo ya mashuka, akaamuru itolewe rafu moja na kuingizwa kitanda. Kuanzia hapo shuka la wodi yoyote likitakiwa ilibidi kubisha hodi kwa Shija. Alipenda sana madaraka hayo. Aliyapanga mashuka vizuri kuliko sisi, na akawa anauliza, "La nani, na la zamani liko wapi?"

Siku moja kabla ya ndege kuondoka, Baba Kulwa akafika. Lori la wachimbaji lilimshusha getini akiwa mwekundu wa vumbi kuanzia kope hadi viatu, na Doto yuko naye; alimpitia nyumbani Bukombe. Alikuwa mtu wa kelele na furaha. Nilijiandaa kwa matusi, ila aliposikiliza maelezo ya Daktari Malongo akapiga makofi.

"Kumbe! Mimi ninao wanaume wote hawa! Daktari, mshushieni leo leo, ndege bado ipo. Tumalize."

"Yaya, baba," Shija akasema. Yaya ni hapana. "Leo hapana."

"Hapana nini? Si umesema wewe ni mwanamume?"

"Nimesema. Lakini sijasema nataka kukatwa leo. Naogopa. Nataka niende nyumbani kwanza, nikae hivi, nione."

"Ndege inaondoka kesho, wewe!"

"Iondoke. Itarudi."

Baba Kulwa akamgeukia Daktari Malongo, mwanaume kwa mwanaume, akamwambia amwelekeze mtoto. Daktari akaanza kuvua miwani. Lakini kabla hajafika popote, Mama Kulwa, aliyekuwa amekaa chini amejikunyata siku zote zile, akasimama.

"Baba Kulwa, mwili huu ni wako?"

"Mimi si ndiye baba yake?"

"Nimekuuliza mwili. Mimi nilitaka akatwe bila kuulizwa, nikaona ndiyo mapenzi. Usije na wewe ukafanya hivyohivyo kwa upande wako. Amesema anasubiri, atasubiri."

Doto, ambaye alikuwa amekuja na ndoo mkononi tayari kwa kazi aliyoitiwa, akauliza kama bado kuna mtu wa kuogeshwa. Tukacheka wote, na baba naye mwishowe akacheka, kwa sababu alikuwa mtu mwema, haraka tu ndiyo ilikuwa imemzidi. Kesho yake ndege ikaruka, mbuzi wakarudi uwanjani.

Kusubiri kwenyewe hakukuwa kwa miaka. Shija alirudi baada ya mavuno ya mpunga, yeye na Doto juu ya baiskeli moja, akaniambia, "Sista, sasa niko tayari." Bingwa alimkumbuka, akamfanyia kazi safi ya kuzishusha mahali pake, na hakuna aliyehitaji kumdanganya chochote. Siku hizi Shija ni fundi wa malori pale Isaka, ana sauti ya kutosha kuita dereva upande wa pili wa reli. Kuna wengine walifuata baada yake, wachache, kila mmoja na habari yake. Mmoja alisema mama yake ndiye atakayemwogesha, akabaki binti, na tukamheshimu hivyohivyo. Nyinyi sasa mna vipimo vya damu na picha za kila namna, vitumieni, lakini msiache kumwuliza mwenye mwili.

Ninachotaka kumalizia ni ile asubuhi walipoondoka mara ya kwanza, bila upasuaji. Baba alikuwa ametangulia kutafuta usafiri. Shija alikuwa amevaa suruali ya akiba ya Doto, kubwa, tumeifunga kiunoni kwa bandeji, na shati lililoachwa na mchimbaji mmoja. Njia ya kwenda getini inapita mbele ya lile banda la kupikia, na pale walikuwepo ndugu wa wagonjwa wote, watu ambao Mama Kulwa alikuwa amepika nao, amechota nao maji, amewasimulia habari za binti yake. Habari za hospitali hazifichiki, walikuwa wameshasikia vipandevipande. Miiko ikasimama ndani ya masufuria.

Mama mmoja akaita, siwezi kujua kama ni kwa uchokozi au kwa kutaka kujua tu, "Mama Kulwa, yule binti yako umemwacha wapi?"

Mimi nilikuwa nyuma yao nimebeba lile beseni. Niliogopa kuliko siku yoyote ya upasuaji. Mama Kulwa akasimama, mzigo kichwani, akavuta pumzi.

"Ndiye huyu," akasema. "Sikuja na mwingine. Shija, waage wazee."

Shija akageuka kuwaaga. Kwa Wasukuma mtoto wa kike humwamkia mkubwa akipiga magoti, wa kiume husimama akainamisha kichwa. Mtoto yule alikuwa amepiga magoti maisha yake yote, na mazoea hayavuliwi pamoja na gauni. Nikaona magoti yanakunjika, suruali ya Doto inagusa vumbi, na watu wote wa banda wanamtazama.

Mama yake akamshika kiwiko akamwinua.

"Simama, baba," akamwambia, kama mama yeyote anavyomwita mwanawe wa kiume. "Wasalimie umesimama."

Shija akasimama, akainamisha kichwa, akasema shikamooni. Banda zima likaitikia marahaba.